Kufuli Mbili za Mkanda wa Besi

Karakana ya Shamba la Mkonge,
S.L.P. Same.
Jumapili, 24 Julai 1983

Kwako dada yangu mpendwa Raheli,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama basi tafuta kigoda kwanza, maana mtu wa miezi minane hasomi barua akiwa ameegemea mlango. Vipi mgongo? Vipi ile miguu kuvimba? Koleta, aliyeniletea barua yako, ameniambia ukungu haujatoka Mhezi kwa wiki mbili na nguo zenu mnazikaushia jikoni. Huku kwetu tambarare ni upepo mtupu, mchanga unaingia mpaka kwenye ugali. Laiti tungeweza kubadilishana kidogo, kila mtu angefaidi. Mimi mwili wangu ni mzima. Ile homa ya mwezi wa tano iliniacha, na chakula nakula, ingawa siku hizi nakula kama mtu anayetimiza wajibu. Mfikishie baba mkwe wako, Mzee Nathanaeli, shikamoo yangu, na mama mkwe wako pia.

Dada, umeniuliza kwa nini mumeo hajapanda nyumbani Jumamosi tatu mfululizo, na kwa nini hata salamu hatumi. Katika barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba bendi imekwenda Korogwe kutumbuiza na itakaa huko mwezi mzima. Nilikudanganya. Bendi haikwenda Korogwe wala popote. Shemeji Ernest yuko mahabusu, kituo cha polisi Same, tangu siku ya Saba Saba. Ni mzima, hajapigwa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Wanasema ni mhujumu. Alhamisi hii, tarehe ishirini na nane, gari litamchukua kumpeleka Moshi kwenye ile mahakama maalumu, na wewe una redio kama mimi, unasikia waliokwenda huko wamepewa miaka mingapi.

Sasa weka barua chini, unywe maji, halafu uendelee. Nakuomba.

Nianze na gitaa lenyewe, kwa sababu huko juu mkisikia mtu kawekwa ndani kwa ajili ya gitaa mtadhani tunataniana. Unalikumbuka lile gitaa la besi jekundu ambalo shemeji alikuonyesha mlipokuja kwenye Mei Mosi ya mwaka juzi. Wewe ulijaribu kulinyanyua ukasema ni zito kama mtoto wa miaka miwili. Ni kweli, lina uzito wa ajabu. Gitaa zima linaning'inia begani mwa mpigaji kwa mkanda wa ngozi, na mkanda huo unashikwa sehemu mbili tu, chini ya tumbo la gitaa na juu karibu na shingo. Kila sehemu pana kichwa kidogo cha chuma, mfano wa kifungo cha koti, na tundu la mkanda linavaa pale. Ngozi ikizeeka tundu linapanuka, mkanda unachomoka. Mwezi wa nne ulichomoka wakati wa mazoezi, na lau kama shemeji asingelidaka kwa goti, lingekuwa limeshavunjika siku hiyo.

Shemeji mwenyewe alitaka jambo rahisi. Alisema tukate mpira wa tairi la ndani, tuuvishe juu ya kile kichwa, halafu tufunge na kamba, mambo yaishe. Wapigaji wote wanafanya hivyo. Lakini Bi Mwanaasha, katibu wetu wa tawi, alikataa. Alisema Saba Saba tutakuwa na mgeni rasmi kutoka mkoani, na haiwezekani mali ya wafanyakazi ifungwe kwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Akauliza kama shamba zima lenye karakana na mafundi halina mtu wa kuliwekea gitaa kitu cha maana. Hapo ndipo mimi, ndugu yako, nilipoinua mkono. Hakuna aliyenitaja jina. Niliuinua mwenyewe.

Unanijua. Nikiitwa fundi nasikia raha mpaka kwenye kisigino. Kazi yangu hapa ni mabomba na pampu, gitaa sijui hata nyuzi zake zinaitwaje, lakini nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi ziko kufuli maalumu za mkanda. Wakanipa ruhusa ya siku moja niende Moshi.

Pale Moshi nilipata duka moja la vyombo vya muziki, la mzee mmoja wa Kihindi, rafu zote tupu, zimebaki filimbi na ngozi za ngoma. Nilipomweleza shida yangu akaenda nyuma, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kikaratasi. Alikifungua juu ya meza taratibu kama mtu anayefungua dawa. Akanieleza kwamba kufuli ya namna hii ni vitu viwili vinavyooana. Kimoja ni kichwa, kinakazwa kwa skrubu kwenye mwili wa gitaa. Cha pili ni kikombe, kinakazwa kwenye mkanda, kinakivaa kile kichwa na kujifunga kwa kipini chenye springi. Akasema kila kiwanda kina kichwa chake na mdomo wake, na kwa macho vinafanana, vyote vyeupe, vyote vinang'aa, lakini cha huyu hakishiki cha yule. Alilirudia hilo mara mbili huku akinitazama juu ya miwani. Akasema pia nipime unene wa skrubu na tundu la gitaa kabla ya kukaza. Alikuwa na kufuli moja tu iliyokamilika. Ya pili alikuwa na kichwa, kikombe chake kilipotea. Alinishauri nisubiri, labda mpaka ukifunguliwa, labda meli ikija. Nilimwambia nitachukua hivyo hivyo. Akaniandikia risiti ya kufuli moja, na kile kichwa kisicho na mwenzake akanipa bure.

Nilirudi shambani na kufuli moja na nusu. Ningeweza kusema ukweli. Ningemwambia Bi Mwanaasha kwamba chini tutaweka kufuli na juu tutafunga kamba, na angenung'unika siku moja akanyamaza. Lakini nilikuwa nimeshaaga kwa mbwembwe, bendi nzima ilikuja karakana kunipokea, na nikaona aibu kuwaonyesha kiganja chenye kitu kimoja.

Basi nikakumbuka kwamba pale Same stendi kuna mama mmoja anayeuza vitu vya Taveta, vya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Unajua vitu vya Taveta mwaka huu ni nini, dada. Mwaka huu mtu akiwa na dazeni ya sabuni asiyoweza kuieleza, anaitupa kichakani usiku usiku. Nilimwendea, akafunua khanga, na kati ya betri na nyembe palikuwa na kile nilichokitafuta, tena nusu vilevile. Ilikuwa sehemu ya upande wa mkanda peke yake, na ya kiwanda kingine. Haikuwa kikombe. Ilikuwa mwiba mnene wenye gololi mbili ndogo pembeni, ambao unaingia ndani ya kichwa chake wenyewe na zile gololi zinashika kwa ndani. Kichwa chake hakikuwepo. Nilinunua bila risiti, nikauficha ndani ya soksi, nikatembea mpaka shambani nikiona kila mgambo ananitazama mguu.

Siku mbili nilifunga mlango wa karakana. Kile kichwa cha mzee wa Moshi nilikibana kwenye jiliwa, nikakitoboa katikati ili ule mwiba wa Taveta uingie. Ukaingia, lakini ulicheza kidogo, unene wa unywele, na zile gololi hazikuwa na mfereji wa kushika. Hapo nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa shamba la mkonge angefanya. Nilichukua singa za katani, nikazilowesha, nikausokotea mwiba kama tunavyosokotea mabomba yote ya shamba hili. Bomba likivuja, katani ndiyo dawa. Nilisukuma mwiba ukaingia kwa kubana, nikavuta kwa nguvu zangu zote, haukutoka. Nikaning'iniza ndoo ya maji kwenye mkanda ule kuanzia asubuhi hadi saa za kufunga kazi. Haukutikisika. Nikafurahi, dada, nikapiga mluzi peke yangu.

Nisichofikiri ni kwamba katani ndani ya bomba inashika kwa sababu maji hayaiachi. Inavimba na inabaki imevimba. Mimi niliilowesha siku ya manyunyu, nikaiweka kwenye gitaa, na gitaa linakaa kavu, tena ukumbini kwetu ambako upepo wa mwezi wa saba unapita dirishani kutwa. Ikanywea siku hadi siku. Jambo hili linajulikana na kila mtu anayeanika katani hapa, hata wale manamba waliofika jana kutoka Kigoma. Nami nimefanya kazi hapa miaka tisa.

Bi Mwanaasha alikuja kukagua. Kwa macho kufuli zote mbili zilifanana, nilizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa sawa. Akafurahi, akasema hii ndiyo kujitegemea. Akaniletea karatasi ya ukaguzi ya mali ya shamba, na mimi niliandika kwa mkono wangu kwamba kufuli ni mbili, zimekamilika, za aina moja, zimenunuliwa Moshi. Niliweka sahihi. Wakati ule niliona ni uongo mdogo wa makaratasi, kama ule wa kuandika umefika kazini saa moja kumbe umefika na robo.

Sasa nikueleze neno alilolisema mumeo, kwa maana hilo ndilo lililomfunga, pamoja na jingine nitakalolisema baadaye. Mwishoni mwa mwezi wa sita aliomba likizo ya wiki mbili. Alitaka kuwa karibu nawe, alikuwa akihesabu majuma kwa chaki nyuma ya mlango wake. Ofisi ilimjibu asubiri Saba Saba ipite, bila besi hakuna bendi. Alitoka pale amekasirika, akaja kantini, akamwambia Sebastiani mpiga tumba, mbele ya watu wote waliokuwa wakinywa chai, kwamba ni afadhali hilo gitaa livunjike apate kwenda kwa mke wake. Watu walicheka. Mimi nilicheka. Sebastiani alimjibu kwamba likivunjika watamfundisha kupiga debe.

Saba Saba ikafika. Jukwaa lilikuwa nje ya ukumbi, saa tisa alasiri, jua kali na upepo unapeperusha mapambo. Mgeni rasmi alikuwa amekaa mbele na wakubwa wa wilaya. Bendi ilipiga wimbo wa kumkaribisha, na mwisho wa wimbo, wakati yeye anasimama kuelekea kwenye kipaza sauti, shemeji aligeuka ili ampishe. Aligeuka tu, dada, hakuruka, hakufanya vituko. Niliona mkanda unaachia juu. Gitaa likashuka kwa kichwa, shingo ikagonga ukingo wa jukwaa na kukatika kwa mlio wa kuni kavu, waya wake ukavuta sanduku la spika likaanguka karibu na miguu ya mgeni, cheche zikatoka, vipaza sauti vyote vikafa. Watu walipiga kelele. Mgambo wawili walikuwa wameshamkamata shemeji mikono kabla hajainama kuliokota.

Kila mtu alikuwa akikimbilia mbele. Mimi nilikimbilia ukingo wa jukwaa, nikauona ule mwiba chini, umetoka na katani yake ikiwa kavu inaning'inia, nikaukanyaga kwanza, halafu nikauokota nikautia mfukoni. Sikuwaza. Mkono ulifanya wenyewe.

Jioni ile ile lile neno la kantini lilikuwa limeshafika ofisini. Sebastiani aliitwa, akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Simlaumu. Ni mtu wa Songea, huku hana ndugu hata mmoja wa kumsemea, na aliulizwa na watu watatu wenye kofia. Tangu siku hiyo hapigi tumba wala haongei na mtu, anakwenda kukata mkonge na kurudi. Tangu siku hiyo hata sisi wengine hatukai kantini. Mtu anakunywa chai yake amesimama, anaondoka. Kila mmoja anajaribu kukumbuka amewahi kusema nini.

Nimekwenda kumwona shemeji mara nne. Mara ya kwanza nilimpelekea makande, askari wakayakoroga kwa kijiti kuona kama nimeficha kitu. Aliuliza habari zako kabla hajaonja. Ndiye aliyeniomba nikuandikie habari ya Korogwe, alisema hali uliyonayo habari mbaya inaweza kukuzalisha kabla ya wakati. Kwa hiyo uongo ule tuligawana, lakini kuandika niliandika mimi, na niliuandika vizuri, hata nikaweka mambo ya chakula cha Korogwe.

Dada, nimeandika kurasa nyingi nikizunguka nyumba bila kubisha hodi. Nafikiri umeshajua kwamba kufuli ni kosa langu. Lakini hilo ungeweza kunisamehe, ungesema Anaeli na ufundi wake, ungenifokea mwezi mzima ukaniacha. Liko lingine.

Siku ya tatu baada ya Saba Saba niliitwa kituoni kama fundi. Nilikwenda nikiwa nimeazimia kusema ukweli, nakuapia, mwiba ulikuwa mfukoni. Ofisa aliyenihoji alikuwa mpole, alinipa kiti. Mezani alikuwa na ile karatasi yangu ya ukaguzi. Akaniuliza kufuli zilinunuliwa wapi, na pale pale nikamwona yule mama wa Taveta na soksi yangu, nikaona kwamba nikitaja ule mwiba nitaulizwa ulipita mpaka gani, nami nitakuwa mhujumu mwenye ushahidi mkononi. Nikasema zote zilinunuliwa Moshi. Akaniuliza kama kufuli ya namna ile inaweza kuachia yenyewe. Nikasema haiwezi. Nikasema, na haya ni maneno yangu yalivyoandikwa, kwamba nilizifunga vizuri, na kama imefunguka basi imefunguliwa. Akaniuliza ni nani mwenye kuishika kufuli ile kila siku. Nikasema mpigaji. Akaandika, nikatia sahihi.

Ni mimi niliyemfunga mumeo, Raheli. Lile neno la kantini lilikuwa mzaha, wangemweka siku mbili wakamwachia. Neno langu ndilo lililogeuka kesi. Nimelala na neno hilo siku kumi na nne na sijamwambia mtu.

Halafu juzi Ijumaa nilikwenda mara ya nne, na ndiyo iliyonimaliza. Askari alituachia nafasi kidogo. Shemeji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi ya Saba Saba, alipokuwa akiweka sawa nyuzi, aliipapasa ile kufuli ya juu akasikia inacheza, na kidole chake kikagusa singa ya katani. Alitaka kuniita. Akanitazama, akaniona nimesimama na Bi Mwanaasha na wakubwa, kifua mbele, nikitambulishwa kwa wageni kwamba mimi ndiye fundi. Akaona akiniita ataniaibisha. Akasema moyoni ni wimbo mmoja tu, utavumilia. Nilimuuliza kwa nini basi hajawaambia polisi habari ya katani. Maelezo yangu alikuwa ameshasomewa, dada. Aliyajua yote. Alinijibu kwamba mume akifungwa, mke ana kaka wa kumkimbilia, lakini kaka akifungwa kwa kutajwa na mume, mke anakosa wote wawili siku moja, hatajua amlilie nani. Akaniomba siku zako zikikaribia nikutafutie gari la kukufikisha hospitali. Kisha askari akaita, akaondoka na sufuria yangu mkononi, ikabidi arudishwe kuitoa.

Sijui nilifikaje nyumbani.

Kesho Jumatatu asubuhi nakwenda Same kituoni kusema yote, la katani, la Taveta, na la maelezo niliyoyatia sahihi. Mwiba nitakwenda nao. Leo ni Jumapili, mkuu wa kituo hayupo, na hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa miaka, naogopa kunyolewa, naogopa kukutana na macho ya Bi Mwanaasha. Juma lililopita nilifika mpaka mlangoni pa kituo mara mbili, nikanunua sigara ambazo sivuti, nikarudi. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwa neno langu, neno langu umeshaliona.

Ndiyo maana nakutumia barua hii kabla sijaenda. Koleta analala leo kwa binamu yake hapa shambani, na kesho alfajiri lori la ushirika linapanda naye hadi Chome. Humu ndani ya bahasha nimeweka risiti ya Moshi. Isome, imeandikwa kufuli moja, na kwenye karatasi ya ukaguzi niliandika mbili. Kufikia Jumanne jioni kama shemeji Ernest hajaingia mlangoni kwenu, ujue nilifika kituoni nikanunua tena sigara. Basi usinionee huruma na usiulize mtu. Mpe Mzee Nathanaeli barua hii na hiyo risiti, ashuke navyo Jumatano, avikabidhi kituoni kwa mkono wake kabla ya gari la Alhamisi. Wewe usishuke, hali yako hairuhusu, na ile barabara ya mawe unaijua. Akiuliza mzee ni nani aliyemfanyia hivi mwanawe, mwambie ni mimi, usilainishe.

Nisalimie majirani wote wa kule juu, na mama yetu ukimwona kanisani mwambie tu kwamba nimekukumbuka, mengine atayasikia. Mungu akufungue salama, wewe na mtoto. Shemeji akifika, usimsimulie jinsi nilivyoandika, mwache ale kwanza na alale.

Koleta amefika, amekaa kwenye benchi la karakana anamenya muwa, anasema nisikawie. Barua zangu zote huwa naandika Anaeli peke yake, na wewe hunicheka kwamba najifanya mtu maarufu. Hii naweka majina yote, ili pale kituoni asitokee wa kusema haijulikani ni Anaeli yupi.

Ni mimi ndugu yako,
Anaeli Hezroni Eliakunda,
fundi mabomba, nyumba namba 14, kambi ya pili.